Abiria Elfu Mbili, Simu Moja

Sehemu ya Saba

Kaka yangu alianza kutokuwepo siku ya Jumanne, saa nne kasoro robo asubuhi. Nasema alianza, maana hakufa siku ile. Alikufa Alhamisi. Lakini Jumanne ndiyo siku niliyomwona kwa mara ya mwisho, kupitia kioo, akiwa wa saba kwenye foleni ya ukaguzi, ameshika pasipoti kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi.

Alikuwa fundi wa lifti. Miaka ishirini na sita aliwapandisha watu maghorofani, na yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege. Asubuhi ile aliniambia, "Mdogo wangu, mimi nimezoea vitu vyenye kamba. Hiki kimening'inizwa wapi?"

Nikamjibu, "Panda tu, kaka. Kamba utaiuliza ukifika."

Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Ningejua, ningechagua mengine.

Mtu wa sita akapita. Kaka akasogea dirishani. Wakaja watu wawili wenye sare, mmoja akamgusa bega kwa adabu kabisa. Wakaondoka naye. Nikangoja pale kwenye kioo mpaka mfagiaji akaniomba ninyanyue miguu.

Mnaonisoma kila Jumamosi mnayajua haya. Lakini huenda kuna mtu leo amefungiwa sabuni kwa gazeti hili, na yeye asiachwe njiani. Mashirika ya ndege huwapelekea watu wa usalama orodha ya abiria kabla ndege haijaruka. Mashine huipitia. Jina la kaka lilitoka jekundu. Walimhoji siku mbili. Sanduku lake lilishushwa, kwa sababu ndege hairuki na mzigo wa mtu aliyebaki, likafungiwa chumba kingine kama kielelezo. Vidonge vyake vya presha vilikuwa ndani ya sanduku. Aliviomba. Aliyepokea ombi aliliandika vizuri kwenye daftari, kwa mwandiko unaosomeka.

Hayo ni ya wiki saba zilizopita. Sasa ni zamu ya mwanawe wa pekee. Tunamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ndoto yake ya uuguzi. Amepata nafasi katika chuo cha mbali aliyoingoja miaka miwili. Ndege yake ni Ijumaa. Chuo kinafunga uandikishaji Jumatatu. Na jina lake nalo limetoka jekundu.

Ndiyo maana Jumatano asubuhi nilikuwa mbele ya meza ya mchambuzi wa orodha za abiria, bwana tunayemwita Miwani, maana huvaa moja puani na nyingine kichwani. Wiki iliyopita niliwaacha pale alipoigeuza karatasi, akaweka kidole juu ya nambari ya simu, na mimi nikahisi kiti kinazama.

*

"Hii ndiyo iliyomwingiza kaka yako kwenye orodha," akasema Miwani. "Nambari hii ilikuwa kwenye tiketi yake. Imeonekana pia kwenye tiketi za watu wabaya. Unaijua ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Nakuuliza kama unajua ni ya nani."

"Nami nakujibu, afande. Ni yangu. Ipige."

Akainua simu ya mezani, akabonyeza tarakimu moja moja huku akinitazama. Mkoba wangu ukalia. Tukautazama wote wawili, unalia juu ya mapaja yangu kama mtoto wa watu.

Akakata simu.

"Kitovu," akasema taratibu.

"Nani?"

Aliinuka, akafungua kabati la chuma, akatoa karatasi kubwa iliyokunjwa mara nne, akaitandaza juu ya meza mpaka ikafunika kikombe chake cha chai. Ilijaa nukta na mistari, mistari mingi mpaka macho yanauma. Mistari yote ilikwenda mahali pamoja, katikati, kwenye duara la wino mwekundu. Ndani ya duara palikuwa na neno moja: KITOVU.

"Miezi minane tunamtafuta huyu," akasema. "Abiria elfu mbili na kumi na wanne kwa miaka mitano, wote simu moja. Tumeandika ripoti tatu. Mkuu wangu anaamini ni mwanamume wa makamo, anaishi nje, ana walinzi, na anatumia simu moja tu kwa sababu anatudharau."

"Mimi nina miaka arobaini na minne," nikamwambia. "Ninaishi nyuma ya kiwanda cha matofali. Na simu ni moja kwa sababu mikono ni miwili, na mmoja una kalamu."

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Karani wa tiketi. Miaka kumi na tisa, kaunta ile ile."

Miwani akaketi. Hakuketi vizuri, alianguka tu kitini.

Nikamweleza. Nilimweleza kama ninavyomweleza mteja mgumu, polepole. Kwenye kompyuta kuna kisanduku cha simu ya abiria. Usipokijaza, tiketi haitoki. Sasa anakuja mteja, simu aliyonayo ni ya jirani. Mwingine laini yake imefungwa jana. Mwingine hataki nyumbani wajue kwamba anasafiri. Mwingine anakutajia tarakimu nane, ukimwambia zimepungua anakwambia ongeza mwenyewe.

"Kwa hiyo unaandika yako."

"Naandika yangu. Ndege ikibadilishwa saa, ujumbe unakuja kwangu, nami namtafuta mtu wangu. Nimewahi kumfuata mteja mpaka kwa kinyozi, ana povu kidevuni, kumwambia ndege imesogezwa mbele. Hajawahi kuachwa mtu wangu hata mmoja."

"Unafanya hivyo kwa wote?"

"Kwa asiye na simu ya kuaminika."

"Ni wangapi hao?"

Nikafikiri. "Wote."

Akavua miwani ya puani, akaifuta kwa tai. "Kwa hiyo hii," akasema, akiipiga ile ramani kwa kiganja, "si mtandao."

"Ni kaunta, afande."

Alicheka. Kicheko kilitoka kidogo, kikakauka. Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nikilikwepa tangu alipoigeuza karatasi.

"Kaka yako alikuwa na simu?"

"Alikuwa nayo. Nzuri. Inakaa na chaji siku tatu."

"Sasa kwa nini kwenye tiketi yake uliandika yako?"

Nje ya mlango mtu alikuwa anavuta meza sakafuni. Nilingoja amalize.

"Mkono ulizoea," nikasema.

*

Msidhani Miwani ni mtu mbaya. Hata mimi nilitaka awe hivyo, ingekuwa rahisi. Lakini alikwenda mwenyewe kuniletea maji, na kikombe alikiosha kwanza.

"Kila siku majina elfu tisa yanapita hapa," akasema. "Sisi ni wachambuzi watatu. Mmoja yuko likizo ya uzazi."

"Na mashine?"

"Mashine haichoki, na hilo ndilo tatizo lake. Inatupa wekundu mia mbili kwa siku. Tunaweza kuwasoma kwa makini thelathini. Waliobaki tunawazuia tu, au tunawaachia tu. Inategemea ni saa ngapi."

"Kaka yangu ilikuwa saa nne kasoro robo."

Akatazama chini. "Zamu hubadilishwa saa nne."

Nilikuwa nimekwisha kulia yote wiki ya kwanza na ya pili, na sasa machozi yangu yamekuwa kama maji ya bomba la mtaani kwetu, hayatoki mchana.

"Tumzungumzie binti," nikasema. "Wa Alhamisi hatutamrudisha. Wa Ijumaa yuko hai. Kwa nini naye ni mwekundu? Kwenye tiketi yake sikuandika nambari yangu. Safari hii nilijizuia."

Miwani akafungua ukurasa mwingine. "Hukuandika yako, kweli. Uliandika ipi?"

Nikahisi kiti kikizama mara ya pili.

"Ya baba yake."

"Ya marehemu?"

"Sindano aliniomba. Alisema, shangazi, weka ya baba, ili nikifika salama ujumbe umfikie. Simu anayo yeye. Anaichaji kila asubuhi." Nikaona uso wa Miwani, nikaongeza, "Ni mtoto, afande. Amefiwa. Ningemwambia hapana?"

"Hapana," akasema. "Nami nisingeweza. Lakini tazama mashine imeona nini. Kuna mtu mwekundu, aliyezuiwa, ametoweka wiki saba. Ghafla simu yake inafufuka kwenye tiketi ya msichana wa miaka kumi na tisa anayekwenda nje peke yake, bila tiketi ya kurudi. Kwa mashine, baba anasafirisha binti."

"Kwani mashine haijui kama amekufa?"

"Itajuaje? Kuna kisanduku cha jina, cha pasipoti, cha simu, cha kiti, cha mizigo, cha aliyelipa. Hakuna kisanduku cha kufa."

"Basi mfute."

"Fomu ya kufuta jina lazima mwenye jina aje kuitia sahihi mwenyewe."

Tukatazamana. Nadhani sote wawili tuliona aibu, yeye kwa kuyasema na mimi kwa kuyasikia.

"Asipokuja," Miwani akaendelea, "jina linakaa miaka mitano."

"Atakaa miaka mitano kwenye orodha yenu na milele makaburini."

"Ipo njia nyingine." Akatoa karatasi ya rangi ya maziwa kutoka kwenye droo. "Binti ni mwekundu kwa sababu ya baba. Baba ni mwekundu kwa sababu ya simu yako. Simu yako ni nyekundu kwa sababu ya Suti, yule tuliyemtia ndani. Ukifungua fundo la katikati, yote yanafunguka. Mwenye simu anaapa kwamba nambari ni yake na aliwaandikia wateja. Ofisi yake inagonga mhuri kuthibitisha. Ukinirudishia kesho asubuhi, nitawahi kumtoa binti kabla ya Ijumaa."

"Nipe kalamu."

"Soma kwanza chini."

Nikasoma. Kujaza taarifa zisizo za kweli za abiria ni kosa. Faini, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote.

"Nipe kalamu," nikasema tena.

Hakunipa. "Kuna jambo jingine, mama. Suti."

Suti mnamkumbuka kutoka sehemu ya nne. Ndiye bwana mtanashati aliyewaahidi wasichana kazi za hoteli ng'ambo, wakifika wananyang'anywa pasipoti na kufungiwa majumbani kufanya kazi bila siku ya kupumzika. Yuko mahabusu. Na kumbe, Mungu anisamehe, tiketi alinunua kwangu.

"Ramani hii ndiyo iliyomtia ndani," Miwani akasema. "Tumemwambia hakimu ana watu elfu mbili. Ukiapa, ramani inakufa. Wakili wake atasimama na kucheka mbele ya kila mtu."

"Wa kwake kwa hakika ni wangapi?"

"Tunaoweza kuwathibitisha? Saba."

"Saba ni wachache?"

"Saba ni watu," akasema kwa hasira ya ghafla. "Wanne tuliwarudisha kwao. Kwa orodha hizi hizi unazozilaani. Nilikuwa pale waliposhuka. Mmoja alikuwa amesahau sauti yake, anaongea kwa kunong'ona tu. Kwa hiyo usiniambie kazi hii haina faida. Ina faida. Ila inakula na wasiohusika."

Nilimheshimu kwa hilo. Nikafumba macho, nikarudi kaunta kwangu, nikamtafuta Suti. Sikuhangaika kumpata. Mteja asiyeuliza bei hasahauliki.

"Alikuja na wasichana watatu," nikasema. "Yeye ndiye aliyesema, wao walikuwa kimya. Pasipoti zote alizishika yeye. Nikamwambia, nitawaketisha pamoja wasiogope. Akasema hapana, watawanye, mmoja mbele, mmoja katikati, mmoja nyuma. Nikashangaa. Watu wanaofahamiana hugombania kukaa pamoja, afande. Miaka kumi na tisa, sijaona mtu mwingine anayeomba watawanywe. Hilo liko kwenye ramani yako?"

Miwani akageukia kompyuta. Akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Miwani ya kichwani ikamshukia puani, akawa na mbili, hakujali.

"Saba wote," akasema. "Kila kundi limekatiwa tiketi dakika moja, mlipaji mmoja, viti vimetawanywa. Vilikuwapo hapa muda wote."

"Hamkuviangalia?"

"Tuliangalia simu."

Akanipa kalamu.

*

Mhuri ulikuwa kwa bosi wangu. Ofisi yetu ni chumba kimoja kati ya duka la vioo na mtu wa fotokopi. Tangu msiba niko likizo, ila siku moja tu niliyokwenda kumkatia Sindano tiketi, na kaunta anakaa bosi mwenyewe. Tunamwita Mama Mihuri. Anayo kumi na mmoja, imening'inia kwenye kibao kama funguo za gereza, na kila mmoja anaujua kwa kuugusa tu.

Alikuwa na wateja kwenye benchi, wanne, na bwana mmoja amesimama karibu na mlango akitazama saa. Sikuwatazama sana. Nilikuwa nimechoka mpaka kope.

Mama Mihuri aliisoma fomu mara mbili. Akanivuta nyuma ya kabati.

"Unataka kunifungia ofisi?"

"Nataka Sindano apande ndege."

"Atapanda nyingine."

"Chuo kinafunga Jumatatu, mama."

"Na kazi yako hapa ofisini, je?" Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayegombana mbele ya wageni. "Miezi sita jela kwa sababu ya wema! Umeona wapi? Sema hujui. Sema mfumo uliingiza wenyewe. Kompyuta inasingiziwa kila siku, haijawahi kujitetea."

"Nambari ni yangu. Imelia mezani kwake."

"Ungezima!"

Nusura nicheke. Yeye pia. Kisha akaegemea kabati, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba amezeeka.

"Mimi ndiye niliyekufundisha," akasema. "Siku yako ya kwanza kazini. Uliniuliza, hapa niandike nini, mteja hana simu. Nikakwambia andika yako, usimrudishe mtu kwa kisanduku kimoja."

"Nakumbuka."

"Kaka yako alinitengenezea feni ile." Akaionyesha kwa kidevu. "Alikataa kulipwa. Alisema feni ni lifti ya upepo."

Ndivyo alivyokuwa. Kila kitu kwake kilikuwa lifti ya kitu fulani.

Mama Mihuri akachukua mhuri wa tatu kutoka kushoto bila kutazama, akaupulizia, akaugonga juu ya fomu mara moja.

"Haya. Nenda." Halafu, nikiwa nimefika mlangoni, akaniita kwa sauti ya kazini, ile ya kawaida kabisa. "Sasa hawa wangu hapa niwaandikie simu ya nani? Unajua mimi sina."

Ni kweli hana. Husema simu humfanya mtu mtumwa. Siku zote hutumia yangu.

Nilipaswa kurudi ndani. Nilipaswa kumtazama yule bwana, kuwauliza wale wanne wanakwenda wapi na nani anawapokea. Ilikuwa kazi yangu miaka kumi na tisa, naifanya hata usingizini. Lakini jua lilikuwa kali, fomu ilikuwa mkononi, na mwilini sikuwa na neno la ziada.

"Fanya uonavyo, mama," nikasema, nikaondoka.

*

Nyumbani nilimkuta Sindano amepiga magoti sakafuni, anapanga nguo katika sanduku la baba yake. Walilirudisha wiki iliyopita, na utepe wa kielelezo bado umeganda ubavuni. Alikuwa ameukwangua kwa kijiko akashindwa.

"Shangazi, vipi?"

"Imegongwa mhuri. Kesho asubuhi naipeleka."

Akanitazama kama anayepima joto la mgonjwa. "Na wewe? Watakufanya nini?"

"Watanipa likizo ndefu. Nimeitamani."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Nimechoka, mwanangu. Mahali popote penye kitanda panafaa."

Hakucheka. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa sanduku, akatoa kopo la vidonge vya presha. Halijafunguliwa. Karatasi ya dukani bado imezunguka kifuniko.

"Nimelikuta leo," akasema. "Nilitupe?"

"Unataka kulitupa?"

"Nataka kwenda nalo. Kama wataniruhusu."

"Liweke kwenye mkoba wa mkononi," nikamwambia. "Usiweke dawa kwenye sanduku. Kamwe."

"Najua, shangazi." Sauti yake ikawa ndogo. "Nitakuwa muuguzi. Mtu akiniomba dawa sitaandika kwenye daftari. Nitampa."

Aliiweka simu ya baba yake juu ya nguo, ikiwa kwenye chaji, waya umepita juu ya sanduku mpaka ukutani. Kilikuwa kitu cha mwisho kupakiwa. Tukakaa hapo sakafuni wawili tukitazama asilimia zikipanda, kama watu wanaosubiri lifti. Jua la alasiri lilikuwa limefika kwenye ukuta wa jirani.

Ndipo simu yangu ikalia. Ujumbe wa shirika la ndege. Nimepokea kama huo maelfu, huwa nausoma kwa jicho moja. Nikausoma kwa jicho moja.

Kisha nikausoma kwa mawili.

Tiketi nne zimethibitishwa. Mlipaji mmoja. Ijumaa, saa nne kasoro robo asubuhi, ndege ile ile ya Sindano. Viti 6A, 14F, 23C, 31D.

"Nini, shangazi?"

"Kazi tu," nikamwambia. "Kiti chako namba ngapi?"

"Kumi na nane B. Kwa nini?"

"Nilitaka kujua kama ni dirishani."

Suti yuko mahabusu. Yule bwana wa mlangoni sikumtazama usoni. Wale wanne kwenye benchi, sasa ninapojilazimisha kukumbuka, walikuwa wasichana, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiongea na mwenzake.

Nikimwambia Miwani, simu yangu itakuwa nyekundu upya, kwa wasichana wa leo hii, kwenye ndege ile ile. Hakuna mkuu atakayeifuta nambari ya namna hiyo kabla ya Ijumaa, hata kama fomu ina mihuri yote kumi na mmoja. Sindano atabaki kwenye kioo. Nisipomwambia, Sindano atapanda, na wanne wale watapanda naye, mmoja mbele, wengine katikati, mmoja nyuma, na hatajua amekaa kati ya kina nani.

Sindano alikuwa amekwisha kufunga sanduku. Alikuwa amekaa juu yake ili zipu ikubali.

Ofisi ya Miwani inafunguliwa kesho saa mbili asubuhi. Fomu iko kwenye mkoba, na ule ujumbe sijaufuta.